Bweni la utotoni na msongo wa ukubwani

Ndugu Mhariri,

Tangu Kamishna wa Elimu azuie, kwa waraka wa mwaka 2023, huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, mjadala umeegemea ada, usafiri na ufaulu. Naomba nafasi nizungumzie jambo lisilotajwa vya kutosha: mtu hujifunza kukabili msongo wa mawazo akiwa mikononi mwa wazazi wake, kabla hajajua kusoma.

Mtoto mdogo hawezi kujituliza mwenyewe. Anapoogopa, moyo humwenda mbio na mwili humwaga homoni ya kotisoli, mpaka mtu anayemfahamu ambebe na kumbembeleza. Hilo likijirudia, huingiwa na imani kwamba taabu hupita na kwamba yupo wa kumkimbilia. Aliyelikosa, mara nyingi akikua huficha shida zake hata kwa mwenzi wake, akidai yuko sawa huku usiku halali, au huyumbishwa na kila neno kali la mkuu wake wa kazi kwa hofu ya kukataliwa.

Ujuzi huu una mizizi Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, kabla ya utafiti wake maarufu wa Baltimore nchini Marekani, alianza mwaka 1954 kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Huko aliona jinsi mtoto mwenye uhakika na mama yake anavyotambaa mbali kuchunguza vitu, akarudi kwake, kisha akaondoka tena bila woga.

Simlaumu mzazi anayetafuta riziki mbali na nyumbani. Bibi au mama mdogo anaweza kuishika nafasi hiyo vizuri kabisa, na hata mtu mzima aliyekosa malezi hayo hutengemaa akipata mwenzi mvumilivu au mshauri nasaha. Ninachopinga ni mzazi mwenye uwezo wa kuishi na mtoto wa miaka sita kumpeleka hosteli ya mtaani ili kuukwepa waraka, akiamini kwamba upweke utamkomaza. Mtoto huyo huacha kulia kwa sababu ameshajua kuwa hakuna anayekuja, nasi tunasema amezoea.

Naiomba wizara iwaagize wathibiti ubora wa shule wazikague hosteli hizo pia, si mabweni yaliyosajiliwa pekee.

Msomaji wako,
Morogoro