KUH: BLEDI YA THELUJI NILIYOUZIWA KWA KAZI YA UDONGO NA MAWE

Kwa Meneja wa Mauzo,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kutoka Micheweni, Pemba, kuhusu bledi, yaani bamba la kusukumia linalofungwa mbele ya trekta dogo, niliyoinunua kwenu. Kabla ya kulipa nilieleza kazi yangu: kusawazisha njia ya shamba na kusukuma kifusi kabla masika hayajaingia. Nilisema pia kwamba kwetu ni maweni, udongo ni haba na jiwe la matumbawe limechomoza kila mahali. Muuzaji wenu akanijibu kuwa bledi zote ni mamoja, mradi ifungike kwenye trekta.

Si mamoja hata kidogo. Mliyoniletea imeundwa kwa kusukuma theluji. Bati lake jembamba, na nyuma ina springi zinazoiachia ilale mbele inapogonga kitu kigumu. Penye theluji hilo ni jambo jema, linaiokoa isivunjike. Penye kifusi inalala kila inapopata uzito, inapita juu na udongo unabaki palepale. Na springi zikikazwa zisicheze, kishindo chote cha jiwe kinaingia kwenye trekta.

Hasara kubwa iko hapo. Fundi wenu aliifunga kwenye mikono ya loda, ile ya mbele ya trekta inayobeba ndoo. Mikono ile ni ya kunyanyulia, haihimili msukumo wa upande mmoja. Bledi ikigeuzwa pembe na ncha yake ikakuta jiwe, mkono mmoja ndio unaobeba yote. Wa kulia umepinda, na sasa hata ndoo ya loda haikai sawa. Kazi hii ilitaka fremu inayopita chini ya trekta na kuupeleka msukumo kwenye ekseli ya nyuma. Mnaiuza fremu hiyo, na hakuna aliyenitajia.

Hata upana haufai. Trekta langu lina mita 1.4 kutoka nje ya tairi moja hadi nje ya jengine. Bledi ni mita 1.5, lakini ikigeuzwa nyuzi 30 inafagia mita 1.3 tu, na tairi linapanda kifusi ambacho hakijasukumwa. Ya mita 1.8 ingetosha.

Kwenye simu mmeniambia dhamana haihusu matumizi mabaya. Sikubali. Kazi niliyoifanya ndiyo iliyoandikwa na karani wenu kwenye oda, na nakala ninayo.

Naomba muichukue bledi, mnirejeshee fedha zangu, mlipie matengenezo ya mkono wa loda na nauli ya mzigo melini kutoka Mkoani. Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 14, la sivyo nitalipeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Jirani zangu wawili wanataka kununua bledi kwenu. Nimewaomba wangoje jibu lenu.

Wenu,
Mkulima, Micheweni