Kondoo Kapigwa, Mbona Hajaanguka?

Mashindano yakiisha tu, wateja wanaojijazia risasi wenyewe wanaanza kutujia na lalamiko lilelile: "Kondoo nimempiga, chuma nimekisikia kikilia, kayumba kidogo, kisha kasimama palepale." Kwa walenga shabaha za wanyama wa chuma kwa bastola kubwa, kondoo wa namna hiyo hana pointi. Kuku husimama mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, na kondoo dume, aliye mzito kuliko wote, mita 200. Lazima aanguke.

Swali letu la kwanza huwa moja: kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayoruka, kina uzito gani? Aghalabu ni chepesi, na mwenyewe anajivunia kasi yake. Kasi inapendeza kwenye karatasi, kwa sababu hesabu ya nishati huizidisha kwa yenyewe. Lakini kinachomsukuma kondoo ni uzito mara kasi, basi. Chukua kichwa cha gramu 8 kinachokwenda mita 500 kwa sekunde, ukilinganishe na cha gramu 16 kinachokwenda mita 350. Nishati zao zinakaribiana sana, jouli 1,000 kwa 980. Msukumo je? 4.0 dhidi ya 5.6, kwa kilo mara mita kwa sekunde. Tena, vikiwa vya kipenyo kimoja, chepesi hupoteza kasi upesi zaidi njiani, kwa hiyo hapo kwenye mita 200 pengo limeongezeka.

Kwa hiyo anza na kondoo, kisha urudi nyuma kwa kuku. Kuku haulizi uzito, anauliza shabaha. Wapo wanaojaza risasi za aina mbili, za nguvu ndogo kwa wanyama wa karibu na nzito kwa kondoo. Si vibaya, ila kila aina ina mpangilio wake wa kilengeo, na una dakika mbili tu kwa risasi tano. Sisi tunapendelea aina moja kwa wote, mkono uvumilie.

Uzito nao una gharama yake, hasa kwenye rivolva. Mteja mmoja alituletea bastola ambayo silinda yake imegoma kuzunguka. Tulipochungulia kwa mbele, ncha ya risasi moja ilikuwa imechomoza na kugota kwenye fremu. Mshtuko wa risasi zilizotangulia ulikuwa umekivuta kichwa kutoka kwenye ganda, maana mdomo wa ganda haukukazwa vya kutosha. Kipimo chake ni rahisi: pima urefu wa risasi ya mwisho, ipakie, fyatua zote zilizobaki, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, rudi kwenye mashine ya kujazia ukaze mdomo wa ganda.

Halafu kuna ulinganifu wa kasi kati ya risasi na risasi. Risasi ya mita 400 kwa sekunde hushuka zaidi ya mita moja ikifika kwa kondoo. Risasi mbili zikipishana mita 20 kwa sekunde, zitapishana zaidi ya sentimita 10 juu na chini. Ukilenga mgongo, ile ya polepole inashuka kuelekea miguuni, na kondoo aliyepigwa miguuni ni mgumu kuanguka. Ndiyo maana hatukubali majaribio ya mita 25 peke yake. Kundi zuri la matundu kwenye mita 25 halikwambii lolote kuhusu mita 200.

Kiasi cha baruti hatukitaji kwa simu wala kwa mdomo, hata ukibembeleza. Kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyohiyo. Unaanza na kiwango cha chini na kupanda kidogo kidogo, na ukibadilisha fataki (kiwashio cha kwenye kitako cha ganda) au kichwa, unarudi chini kuanza upya. Vichwa vyenye kiini cha chuma kigumu viache kabisa, vinatoboa shabaha.

Kipima kasi tunacho, na kupima ni nusu saa. Njoo na risasi zisizopungua kumi za mjazo mmoja, na bastola utakayoshindania, si ya rafiki. Mitutu miwili ya aina moja huweza kutoa kasi tofauti kwa risasi zilezile.