Kliniki ya farasi sio daktari peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Kila gazeti likiandika habari ya farasi aliyetibiwa, awe wa mbio au wa kawaida tu, wanaotajwa ni walewale watatu: mwenye farasi, anayempanda, na daktari aliyempasua. Picha nayo daktari kasimama na stetoskopu shingoni. Sina ugomvi na madaktari jamani, nimefanya nao kazi nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, wa kliniki na wengi wao ni wachapakazi kwelikweli, ila mtu aliyewahi kuingia kliniki ya farasi mpaka ndani anajua daktari akiwa peke yake hamfikishi farasi hata mezani. Mnyama ana kilo 500, atambeba nani?

Chukua mfano wa msokoto wa tumbo, koliki kama tunavyoiita kazini, maana ndo dharura inayotuamsha usiku kuliko nyingine yoyote. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kilichoingia hakirudi, na tumbo lenyewe ni dogo kwa mnyama wa ukubwa ule, linabeba kama lita 8 mpaka 15 hivi, sasa utumbo ukiziba huko mbele maji na gesi vinarudi nyuma vinajaa humo mpaka tumbo linaweza kupasuka na likipasuka ndo basi tena. Kwa hiyo mapema kabisa unapitishwa mpira mrefu puani mpaka tumboni ili kile kilichojaa kitoke. Mgeni akiona mpira unaingia anadhani kazi yote iko kwa anayeusukuma. Mwangalie aliyeshika kichwa. Farasi ana maumivu, anarusha miguu ya mbele, anataka kujibwaga chini ajigaragaze, na huyo mtu kasimama begani kwake upande wa kushoto kashika kamba, pengine na ile kamba ya kubana mdomo wa juu, anamsemesha polepole huku jicho moja liko kwenye masikio ya farasi na lingine linaangalia daktari kasimama wapi. Akizubaa kidogo tu anayekula teke sio yeye, ni mwenzake.

Na kabla farasi hajafika kuna mtu wa simu. Huyu ndo hatajwi kabisa. Mwenye farasi anapiga analia, hajielewi, na dada wa mapokezi anatakiwa amtulize na wakati huohuo amchimbe: amelala au amesimama, anatoka jasho, ufizi una rangi gani, mara ya mwisho kunya ilikuwa saa ngapi, mapigo ya moyo umeyahesabu? Farasi aliyetulia moyo wake unapiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, ukiambiwa umepita 60 na hajakimbia popote basi mapokezi hasubiri trela lifike, anaanza kuwaamsha watu wa chumba cha upasuaji. Hana digrii ya udaktari lakini akikosea maswali dakika nyingi zinapotea, na kwenye koliki utumbo uliojisokota unakosa damu unaanza kufa, hakuna cha kusubiri.

Ikibidi apasuliwe sasa ndo uone watu. Mmoja anang'oa viatu vya chuma au anavifunika kwa plasta ili visije vikamkata mtu au vikamkata farasi mwenyewe. Mwingine anamsukutua mdomo kwa maji mpaka yatoke safi, maana nyasi zilizobaki mdomoni zikisukumwa na mpira wa kupumulia zikaingia kwenye mapafu umetengeneza ugonjwa mwingine. Anasimamishwa kwenye ukuta wenye magodoro, anachomwa sindano, watu wanamwegemea anashuka taratibu, kisha anafungwa mikanda miguu yote minne na winchi inamnyanyua miguu juu kichwa chini, mtu mmoja kashika kichwa kisiyumbe, mpaka mezani. Kunyolewa tumbo, kuoshwa, kuwekewa mito ili uzito wake mwenyewe usimponde misuli, yote hiyo ni mikono ya manesi na masaisi, na daktari anapoingia akiwa na glavu anakuta kila kitu tayari.

Watu wengi wanaona operesheni ndo kilele. Kwa farasi hapana, kuamka ndo balaa. Tafiti kubwa za kimataifa zinaonyesha takriban farasi mmoja kati ya 100 anakufa kwa mambo yanayohusiana na nusu kaputi, kiwango ambacho kwa binadamu kingefunga hospitali, na sehemu ya vifo hivyo ni farasi kuvunjika mguu wakati anajaribu kusimama. Ni mnyama wa kukimbia, akifungua macho hajui yuko wapi, akili inamwambia simama ukimbie na miguu bado haijarudi. Kwa hiyo kuna chumba chenye magodoro mpaka juu, kuna kamba ya kichwa na kamba ya mkia zimepitishwa kwenye pete ukutani, na watu wawili nje wanazivuta ili kumsaidia asimame bila kupepesuka. Hao watu wa kamba wanaweza kukaa pale saa nzima bila kusema neno. Hawaruhusiwi kumharakisha na hawaruhusiwi kuchelewa. Hakuna chuo kinachokufundisha sekunde ya kuvuta, unajifunza kwa kushika kamba pembeni ya mtu aliyezoea.

Mwaka 2006 farasi wa mbio wa Marekani anaitwa Barbaro alivunjika mguu wa nyuma kwenye mashindano ya Preakness, akapelekwa New Bolton Center, hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafanyiwa upasuaji na Dk. Dean Richardson. Dunia nzima ilifuatilia. Kule wana bwawa maalum, farasi anaamka akiwa ndani ya boti la mpira linaloelea ili akirusha miguu airushe majini isigonge kitu. Aliishi mpaka tarehe 29 Januari 2007, akachomwa sindano ya kumpumzisha milele kwa sababu ya laminaitisi, ugonjwa wa kwato unaoweza kumpata hata farasi aliyeegemea miguu mingine muda mrefu. Zaidi ya miezi minane. Jina la daktari na la farasi nimeyakumbuka bila kuuliza mtu, ila walioshika boti, waliobadilisha bandeji na waliokesha naye sijui hata mmoja, na mimi ndo mtu wa fani hiyo, sasa msomaji wa kawaida atajulia wapi?

Usiku nao una mambo yake. Farasi wa kilo 500 asiyekunywa anahitaji kama lita 25 mpaka 30 za dripu kwa siku ili abaki alivyo tu, akiwa amepungukiwa maji ni zaidi ya hapo, na mifuko mikubwa ni ya lita 5, kwa hiyo kuna mtu anabeba, anapandisha, anashusha, anabeba tena mpaka kunakucha. Anayeogopewa laminaitisi anawekwa barafu miguuni kwa siku mbili tatu mfululizo, na barafu inayeyuka, haijui kama saa nane za usiku watu wamelala. Kila baada ya muda unaweka stetoskopu tumboni kushoto na kulia, juu na chini, kusikiliza matumbo. Kelele ni habari njema, kimya ndo kinatisha. Unagusa mshipa juu ya kwato uone kama unadunda kwa nguvu, unaangalia ufizi, unahesabu mavi na kuandika. Ndiyo, mavi. Baada ya upasuaji wa utumbo, donge la kwanza likidondoka wafanyakazi wanapigiana simu kwa furaha utadhani kuna harusi.

Kwenye msimu wa kuzaa ndo usiseme. Mtoto wa farasi anatakiwa asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma la mama litoke ndani ya saa 3. Anazaliwa bila kinga ya maana mwilini, kinga anaipata kwenye maziwa ya kwanza, na baada ya siku moja hivi utumbo unafunga mlango hauzipitishi tena. Sasa ukiwa na mtoto dhaifu asiyeweza kusimama, kuna binti kakaa naye kwenye nyasi kavu, kamuegemeza mapajani, anamlisha kidogokidogo kila saa au kila baada ya saa mbili, na mama yake kilo 500 kasimama juu yao anawatazama kwa wivu. Ukiniuliza mimi nani jasiri pale kliniki nitakuonyesha huyo.

Tuje kwenye hatari, maana hapa ndo naudhika. Wapo waliofanya utafiti Uingereza wakakuta daktari wa farasi ategemee kuumia mara 7 mpaka 8 katika miaka 30 ya kazi, na ikasemwa kati ya kazi za kiraia kule hii inaweza kuwa inaongoza kwa majeraha. Sawa. Lakini farasi hachagui, na anayeshika kichwa yuko palepale teke linapotua. Kuna kliniki daktari ana helmeti nzuri na saisi ana kofia ya kitambaa. Na magonjwa pia. Mwaka 1994 huko Brisbane, Australia, virusi ambavyo havikuwa vinajulikana viliua farasi na mkufunzi wao, na saisi wa zizi hilohilo akaugua sana akapona. Vikaitwa Hendra, jina la kitongoji chenyewe, baadaye ikajulikana vinatoka kwa popo wakubwa wanaokula matunda. Mwaka 2008 vikaingia kliniki ya farasi, daktari akafariki na nesi akaugua akanusurika, 2009 akafariki daktari mwingine, na chanjo ya farasi ikapatikana 2012. Virusi havikuuliza nani kasoma.

Halafu watu wanashangaa kwa nini kliniki hazina wafanyakazi. Chama cha madaktari wa farasi cha Marekani, AAEP, kinasema ni kama asilimia 1.3 tu ya wahitimu wa udaktari wa mifugo wanaoingia moja kwa moja kwenye farasi, wengine asilimia 4.5 wanapitia mafunzo ya vitendo ya farasi, na ndani ya miaka 5 nusu ya wote hao wameshahamia kwa mbwa na paka au wameacha kabisa. Hao ni madaktari. Manesi na masaisi nao wanaondoka, na sababu ninazozisikia ni zilezile: usiku hauishi, mgongo umekufa, mshahara hauongezeki, na mteja anakuja kumfokea dada wa mapokezi kuhusu bili ambayo hakuiandika yeye.

Na farasi akishindikana, mwenye farasi mara nyingi anaomba asiwepo, siwalaumu, sio kila mtu ana moyo huo. Anayebaki kushika kamba ni mfanyakazi. Ndiye anayemkata singa za mkia akazisuka vizuri ampe mwenyewe kesho, kisha anaosha banda kwa dawa kwa sababu kuna mwingine yuko njiani.

Ninachoomba sio sanamu. Magazeti yatupe majina yote kama mnavyotoa wachezaji kumi na mmoja wa timu, sio mfungaji tu. Wenye kliniki wanunue helmeti na buti zenye chuma vidoleni kwa kila mfanyakazi anayemkaribia farasi. Na ninyi wenye farasi, mfundisheni mnyama wenu kunyanyua miguu, kushikwa masikio na kupanda trela akiwa mzima, msisubiri aumwe ndo tufundishane naye gizani. Akianza koliki pigeni simu mapema, msimrudishie dawa ya maumivu mara ya pili kabla hajaonwa maana maumivu yakifichika sisi tunapapasa tu, na mkija leteni karatasi imeandikwa alikula nini na saa ngapi, alikunya lini, kapewa dawa gani na kiasi gani. Mpeni huyo atakayewafungulia geti, ataifikisha.

Wenu,
Saisi, msomaji wenu wa siku nyingi