Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC): Soko la Pamoja lifike na kwenye simu

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya watu na bidhaa kupita huru kati ya nchi zetu, inatumika tangu Julai 2010. Mtu wa Mombasa akipata kazi Tanga, anagonga muhuri pale Horohoro na safari inaendelea. Vyombo vyake vinapita naye. Kinachokwama ni akaunti yake ya kununulia programu za simu.

Akaunti ya Google Play hufungwa kwenye nchi moja. Kubadili nchi ni mara moja tu kwa mwaka, na lazima uwe na njia ya malipo ya nchi unayohamia. Salio la shilingi za Kenya unaliacha nyuma. Kwa Apple, sharti kwanza umalize salio lote. Zikibaki senti zisizotosha kununua chochote, inabidi uwasiliane na huduma kwa wateja ndipo uruhusiwe kuhama. Pesa ni yako, umeitolea jasho! Na programu ikiwa imewekwa sokoni Kenya pekee, aliye Tanga haipati hata kama yuko tayari kulipa.

Matokeo yake watu wanapakua mafaili ya APK (ya kuweka programu kwenye simu bila kupitia duka rasmi) kutoka kusikojulikana, na humo ndimo wezi wa namba za siri wanamopita. Hili linaniuma kuliko yote.

Ulaya wana sheria inayotumika tangu tarehe 3 Desemba 2018, inayokataza muuzaji kumbagua mnunuzi kwa sababu ya nchi anayoishi au iliyotoa kadi yake. Ina mapengo, lakini Ulaya hawakulala. Januari 2021, kwa sheria zao za ushindani, Valve, wenye duka la michezo ya kompyuta la Steam, na kampuni 5 za michezo hiyo zilitozwa faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuwafungia wanunuzi wa baadhi ya nchi. Novemba 2024 Apple nayo ilitakiwa irekebishe masharti yake.

Burundi peke yake haiwezi kuzibana kampuni hizi, wala Kenya. Nchi 8 kwa pamoja zitasikilizwa. Naomba ulifikishe suala hili kwa Baraza la Mawaziri na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya. Akaunti ya nchi mwanachama itambuliwe kote, salio lihame na mwenyewe, na malipo kwa pesa za simu yakubalike kila nchi, maana wengi wetu hatuna kadi ya benki. Tunaomba utujibu hadharani.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mkazi wa Tanga