Barua kwa Mjomba: Mzee wa Magunia ya Burma

Leeds, Uingereza

Mjomba, shikamoo.

Sijambo, ila baridi. Hela za salfa ya mikorosho nimezituma kwenye simu ya mama, usimwachie azigeuze ada.

Kilichonifanya nishike kalamu ni vita vya Burma, Myanmar ya leo, walikopigana na Wajapani. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo mzee aliyerusha ndege za Dakota mwaka 1944. Kwa kawaida haongei, lakini ukitaja Agartala, huko India walikokuwa wakirukia, humnyamazishi. Walikuwa wakiwapelekea chakula askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliokuwa wakishuka Bonde la Kabaw, mvua ikinyesha usiku na mchana. Njia zilikuwa tope tupu, malori hayapiti, chakula kikawa cha kutoka juu, mpaka walipovuka mto Chindwin mwezi Desemba.

Kusikia Kabaw nikashtuka. Si ndiko alikopita babu na wenzake wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza?

Risasi zilishushwa kwa miavuli. Mchele ulitiwa gunia ndani ya gunia, la ndani likipasuka la nje lidake, kisha watu wakausukuma mlangoni kwa miguu, ndege ikipita juu kidogo tu ya miti. Wajapani hakuwaogopa kama mawingu. Yalijaa bondeni kama ukungu wa Shimo la Mungu kule Newala alfajiri, milima huku na huku, na upepo wa mawingu ya radi ukiirusha ndege juu na chini. Rafiki zake waliingia humo wasitoke. Akifika hapo hunyamaza, nami simchokonoi.

Nikamwambia alivyotusimulia babu, kwamba wakisikia mlio wa ndege walikimbilia nyuma ya miti mikubwa, maana gunia likikuangukia umekwisha. Mzee alicheka, halafu akalia. Magunia yote yale, hakuwahi kukutana na hata mtu mmoja aliyeyaokota.

Anayo nishani ya Nyota ya Burma, ileile ya utepe wa buluu na mstari mwekundu katikati uliyoifungia sandukuni. Ila yeye kila Novemba hufuatwa kwa gari kupelekwa kwenye sherehe za mashujaa. Babu alirudi Newala kwenye mikorosho yake, hakuna aliyemwita popote. Hilo sikumwambia; si yeye aliyepanga.

Sasa mjomba, tafuta karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi, uangalie namba ya kikosi. Vya Tanganyika katika divisheni ile vilikuwa 26 na 36 KAR. Nipigie picha unitumie upesi, Mzee hali yake si nzuri na kila nikiingia zamu ananiuliza.

Wasalimie wote.

Mpwa wako