Viti vya ajabu vikaliwe kwanza, ndipo vihukumiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nivitetee viti vyenye maumbo ya kimchezo, ambavyo magazeti yetu yamezoea kuvichapisha kama vituko: picha kubwa, sentensi mbili za mshangao, kisha swali la nani atakubali kuweka kitu kama hicho sebuleni kwake. Uandishi wa namna hiyo haumwelezi msomaji jambo la msingi kuliko yote, yaani mwili unakuwaje ukishakaa.

Kiti cha Sacco kilibuniwa nchini Italia mwaka 1968 na Piero Gatti, Cesare Paolini na Franco Teodoro. Kwa macho ni mfuko tu uliojazwa punje za polistairini, yaani plastiki nyepesi, hauna miguu wala egemeo. Lakini kwa kuwa punje hizo huhama kila mkaaji anapojigeuza, mfuko hulifuata umbo lake, badala ya yeye kujikunja ili alifuate umbo la kiti. Wabunifu hao wasingefika hapo kama wasingethubutu kuiacha miguu minne. Miaka michache kabla yao, Eero Aarnio wa Finland alikuwa amebuni tufe la faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, lenye uwazi upande mmoja, ambamo mtu huingia na kuketi huku kelele za chumbani zikipungua masikioni mwake. Picha haiwezi kuuonyesha utulivu huo hata ikipigwa kwa ustadi wa namna gani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kiti cha Spun cha mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick, kilichoanza kuuzwa mwaka 2010 na kampuni ya samani ya Magis. Kikisimama wima, mgeni hadhani hata kidogo kwamba ni kiti. Kikilazwa upande, humpokea mtu, humyumbisha na kumzungusha duara zima kama pia ya mtoto inavyozunguka, bila kumwangusha, kwa sababu umbo lake ni lile lile pande zote. Mtu mzima anayecheka akiwa amekaa humo hajapoteza heshima yake, na mbunifu aliyemfanya acheke amefanya kazi ngumu ya hesabu na ya mikono.

Sisemi kwamba kila kiti cha ajabu kinastahili sifa. Vipo vinavyoumiza mgongo baada ya muda mfupi, na hata Sacco niliyoisifu humpa shida mwenye magoti mabovu anapotaka kuinuka. Kasoro hizo ndizo zinazopaswa kuandikwa, nazo hazionekani mpaka mtu aketi.

Kwa hiyo naomba waandishi wenu waketi kabla ya kuandika, watueleze kikalio kina urefu gani kutoka sakafuni, mtu anaingiaje na anainukaje, na mgongo unasemaje baada ya saa nzima. Waandaaji wa maonyesho nao, wanaozungushia viti kamba ili visiguswe, watenge walau kimoja cha kila aina ambacho mtazamaji ataruhusiwa kukikalia.

Msomaji wako