Mama alikuwa anachoka

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia kimoyomoyo, maana huko uliko ukisema "milele amina" peke yako kwenye basi watu watakuhama kiti.

Umeniomba mara tatu nikutumie wasifu wa Mama. Siku ya mazishi simu aliyoishika mtoto wa shangazi ilikata mtandao nilipofika "marehemu alizaliwa katika kijiji cha", na iliporudi watu walikuwa tayari wanatupia udongo. Karatasi ninayo. Nimeipiga picha mara mbili, na mara mbili nimeifuta. Sitaki iwe ndiyo unayobaki nayo.

Unajua wasifu unavyoandikwa kwetu. Saa tano usiku, chini ya turubai, wajomba watatu na mwalimu mmoja mstaafu, na mwenyekiti wa jumuiya akikumbusha kila baada ya muda kwamba msomaji ana dakika tano tu, padre ana mazishi mengine alasiri. Mjomba mmoja akasema, "Andika alikuwa mama wa nyumbani." Nikaandika. Mwingine akasema, "Andika alikuwa mcha Mungu na mchapakazi, hakuchoka kamwe." Nikaandika na hilo, kwa mkono wangu huu, kesho yake nikalisoma, na akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wakatikisa vichwa kukubali.

Mdogo wangu, Mama alikuwa anachoka. Nilimwona. Nimeusoma uongo mbele za watu, basi na kuusahihisha niusahihishe mbele za watu.

Nianze na hilo la mama wa nyumbani. Nyumbani alikaa saa ngapi? Wewe ni kitinda mimba, ulikuta mambo yamepungua. Mimi nilimkuta na ng'ombe wawili. Ng'ombe wa kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, hatoki bandani, chakula ndicho kinachomfuata, na majani hayakuwa juu kwetu, yalikuwa chini kule, njia ya sokoni Himo. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda, mzigo kichwani, majani mabichi yakikuchuruzikia shingoni na jua la saa sita likikupiga. Ni mlima huohuo wa Kilimanjaro ambao wageni huupanda kwa dola, na mizigo yao ikabebwa na watoto wa akina mama kama yeye.

Msimu wa kahawa ndio sikumbuki alikuwa analala saa ngapi. Unachuma zilizoiva tu, moja moja, unaacha za kijani. Jioni hiyohiyo unamenya kwa mashine ya mkono, maana ikilala na ganda lake inaharibika. Unalowesha, unaosha mpaka utelezi uishe, unaanika kwenye vichanja vya waya, na wingu likitokeza unakimbia kufunika hata kama mtoto anakulilia mgongoni. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Mikono yake ilinuka ule uchachu mpaka Novemba. Halafu gunia likijaa Baba analipeleka chamani, kwenye ushirika, na kwenye kitabu linaandikwa jina la Baba.

Simsemi vibaya marehemu Baba. Ndivyo ilivyokuwa kihamba hadi kihamba: kahawa ya mwanamume, ndizi na maziwa ya mwanamke. Kwetu Kilema kahawa na ubatizo viliingia kwa mlango mmoja, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipopanda kutoka pwani kuanzisha misheni mwaka 1890. Ubatizo ukamfikia kila mtu. Kahawa ikamfikia mwenye kihamba.

Sasa ikaja Julai 1989. Yale makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka dunia nzima. Nyumbani hakuna aliyejua kuna makubaliano wala nani ameyavunja. Tulichoona ni Baba amerudi kutoka chamani, akakaa nje kwenye kigogo hadi giza likaingia, na chai aliyopelekewa ikapoa. Miezi michache baadaye mimi nikachaguliwa kwenda kidato cha kwanza.

Ada yangu, mdogo wangu, ilitoka kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Hilo nalo wasifu ulinyamaza, wajomba waliona halifai kusomwa mbele ya padre, na huku wao wenyewe walikuwa wameshika kata wakati wanasema hivyo. Mama alikuwa anaivisha ndizi, anazichemsha karibu kutwa nzima mpaka zinageuka rangi ya udongo wetu, anaziacha zichachuke, anachuja, kisha anachanganya na uji wa kimea cha ulezi na magome ya mti wa msesewe ili ipate ule uchungu. Kuni alitafuta yeye, maji alichota yeye. Majirani zetu Walutheri wengine hawakupendezwa, naye aliwajibu kwa harusi ya Kana, akamaliza mazungumzo. Ila Ijumaa za Kwaresima hakuuza hata kata moja. Wateja wake walijua, wakawa wanakunywa ya Ijumaa siku ya Alhamisi.

Siku za soko alishuka na mikungu ya ndizi mshare Himo, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari. Kwa hiyo tukisema "alimsaidia Baba kulea familia," kama nilivyosoma, tunasema kinyumenyume.

Nije kwenye kuchoka.

Jaribu kumkumbuka Mama ameketi. Mimi nimejaribu usiku kucha kipindi cha matanga. Anakula amesimama mlangoni, sahani mkononi, jicho liko bandani. Akiketi kwenye kigoda basi anamenya ndizi za mtori, au anachambua maharage, au ameshika kichwa cha mmoja wetu anakisuka. Mahali pekee ninapomwona ameketi, mikono mitupu, ni kanisani. Upande wa wanawake, benchi la nne, karibu na nguzo. Somo la kwanza anasikiliza. Injili anasimama na wenzake. Mahubiri yakianza, kichwa kinaegemea nguzo taratibu, mdomo unafunguka kidogo, amekwenda. Nilikuwa namfinya. Siku moja njiani, nikiwa na miaka kama kumi na nimetoka kufundishwa na katekista habari za heshima kanisani, nikamwambia ananitia aibu. Akajibu bila kugeuka, "Mwenye nyumba hajalalamika."

Tulikuwa tunamhurumia, unakumbuka? Kwamba kazi zote zile halafu anajiongezea na sala. Jumuiya. Rozari ya Mei na ya Oktoba, nyumba hadi nyumba na taa ya chemli. Njia ya Msalaba. Na WAWATA, ambayo ilianzishwa 1972, yeye akaingia akiwa bado bibi arusi, na kile kitenge chake alikikunja kama nguo ya altare. Wewe mwenyewe uliwahi kuniandikia kwamba Kanisa lilimtumikisha. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na nililipata kwa Papa.

Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Moshi. Mama na wenzake waliondoka usiku, wakateremka hadi barabara kuu, wakapanda lori, wamefunga ndizi za kuchemsha kwenye kanga. Aliporudi tulimzunguka. Papa yukoje? Akafikiri. "Mdogo. Alikuwa mbali." Ameongea nini? Ameongea mengi. Kisha akavua viatu, akatazama miguu yake, akasema, "Nimekaa tangu asubuhi. Hakuna aliyeniita."

Alilisema kama mtu anayesimulia muujiza. Kisha ng'ombe wakalia, akafunga kanga, akachukua mundu, akaenda.

Sikuelewa. Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto watatu na kazi ya kuajiriwa. Wajomba walifunga "mcha Mungu" na "mchapakazi" katika mzigo mmoja, kama kwamba alisali jinsi alivyolima. Hapana. Alisali ili aweke jembe chini. Hakuna mtu mlimani kwetu, si mume, si mkwe, si mwenye deni, aliyeweza kumwambia mwanamke aache Misa akalime. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia saa sita, Mama aliutua mzigo wa majani palepale njiani na kunyoosha mgongo. Zile zilikuwa dakika zake, zimelindwa na Mbingu, na hakuna aliyethubutu kuzidai.

Usinielewe vibaya ukadhani ilikuwa ujanja. Aliamini. Nikukumbushe habari yako mwenyewe ambayo nadhani huijui yote. Tangu uingie seminari, kila usiku kwenye nia za rozari akifika "kwa ajili ya mapadre na watawa" aliongeza "na mwanangu," sauti ikipanda kidogo ili jirani asikie. Uliporudi na sanduku lako kidato cha tatu, alikuuliza, "Umekula?" Basi. Siku ile alishuka kukata majani mara mbili, na ng'ombe walikuwa wameshiba. Usiku alipofika kwa mapadre na watawa, akanyamaza kidogo, akapita. Tuliendelea hivyo wiki nzima, jina lako halimo popote. Jumapili yake akakuweka kwa wasafiri. Nilishangaa, hukuwa umesafiri kokote zaidi ya Moshi mjini, pasipoti ulikuja kuipata miaka mingi baadaye. Hakukutoa tena hapo. Mpaka mwezi aliofariki ulikuwa kwa wasafiri.

Mengine nitayapita haraka. Alikuwa na hasira, mwiko wake unaujua. Alinuniana na mke wa mjomba miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa kihamba, huku wote wawili wanapokea Komunyo kwenye mstari mmoja, mpaka yule mama alipoleta mwenyewe jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, asubuhi ya Jumatano ya Majivu. Mama alilipokea, akalichomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, akamtwisha mkungu wa kurudi nao. Lile jani limekauka, lingali pale. Nimewakataza watoto kulitoa.

Magoti yalimwisha mwaka wa mwisho. Akawa anapelekewa Komunyo nyumbani Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na kila Alhamisi ilikuwa vita: uwanja ufagiliwe, kitambaa cheupe, mshumaa, na yeye avae viatu vyake vya kanisani. Ile Ijumaa ya mwisho hakuweza hata kuketi. Nikamwambia leo haina haja ya viatu, Mama, umelala. Akanitazama jinsi alivyokuwa ananitazama nikirudi kisimani na ndoo nusu. Nikamvisha. Padre alipoingia aliviona vile viatu juu ya shuka, hakusema neno, akampaka mafuta, akampa Mwili wa Bwana, akaanza kusoma sala za mwisho polepole.

Katikati ya sala kichwa cha Mama kikaegemea upande wa ukuta, mdomo ukafunguka kidogo. Nilishtuka, nikainama kusikiliza pumzi. Amesinzia. Nikakaribia kumfinya.

Sikumfinya. Na viatu nilimwachia hadi jioni.

Rozari tumemzika nayo. Mundu ameuchukua mke wa kaka, ng'ombe bado anakula. Misa ya mwaka mmoja tumeiweka Desemba, wiki ya Krismasi, watu wote wakiwa wamepanda nyumbani. Kama karatasi zako zitakuwa zimetoka, njoo. Utakuwa umechoka na ndege. Benchi la nne, karibu na nguzo, nitakaa na kanga yangu nikushikie nafasi, na wakikuuliza mwanamume anafanya nini upande huu nitajua la kuwajibu. Padre aliyekubali kuja anasifika kwa mahubiri marefu.

Dada yako